Fungua Tu

7 Machi

Tumeondoka. Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini nikanywa chai kwanza, kwa sababu mwezi mzima uliopita kila siku tulikuwa tunaondoka, na kila siku kulikuwa na kamba au mfuniko uliosahaulika.

Tumeegesha kando ya kituo cha mafuta. Mume wangu yuko nje anazunguka gari akipiga matairi mateke. Alikuwa stesheni masta mpaka alipostaafu, na mimi humwita Stesheni, hasa nikiwa nimemkasirikia, kwa hiyo jina limemkaa. Treni zake zote ziliondoka kwa wakati. Familia yake haijawahi.

Gari hili zamani lilisambaza mikate. Alilinunua, akaligeuza nyumba: kitanda, jiko la gesi, sinki, makabati yanayofunguka yenyewe kwenye kona, na mapazia niliyoyashona mimi. Analiita Malkia. Jua likipiga bati, Malkia ananuka hamira.

Tunakwenda nchi ya jirani kwa binti yetu, kitinda mimba wangu, aliyeolewa huko na kinyozi. Anatarajia kujifungua mwisho wa Aprili, mimba ya kwanza. Mimi ni mkunga mstaafu. Nimepokea watoto wa watu mpaka sura zao zimenichanganyika, lakini huyu simwachii mtu. Binti yangu aliniambia kwenye simu, "Mama, uwepo. Naogopa." Tangu azaliwe hajawahi kuniambia anaogopa kitu.

Yeye na baba yake hawaongei. Si kwamba hawasalimiani tu. Hawaongei kabisa, tangu siku aliyoondoka nyumbani kumfuata kinyozi wake. Maneno yao hupitia kwangu. "Mwambie baba." "Mwambie huyo binti yako." Lakini Stesheni ndiye aliyetoa wazo la gari. "Wale wana chumba kimoja," alisema. "Hatutawabana. Tutakwenda na nyumba yetu." Nikaona amekua, mzee wangu. Nikamshonea mapazia.

9 Machi

Mpakani. Ofisa alilitazama gari, akachungulia ndani, akakiona kitanda.

"Mzee, hii ni gari au ni nyumba?"

"Yote mawili."

"Chagua moja. Nyumba haziingii nchini."

Tumeingia kama gari. Stesheni amenuna mpaka jioni.

10 Machi

Mvua imeanza leo na gari limechemsha leo. Sijui kipi kilimsubiri mwenzake.

Tulikuwa tunapanda mlima, na mimi nikaona moshi mweupe unatoka mbele. Nikasema, "Tunatoa moshi." Stesheni akasema ni ukungu. Nikasema ukungu hautoki kwenye boneti. Akasema nimwachie aendeshe. Mbele kidogo ukungu wake ukaanza kutoa mlio wa birika, ndipo akasimama. Lori likatuvuta mpaka mji mdogo ambao jina lake sijalishika, na sina hamu ya kulishika.

Gereji ni ua mkubwa uliozungushiwa mabati, una mlima wa matairi na mbwa mmoja mvivu. Fundi ni pande la mtu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na kichwani kofia nyeupe isiyo na hata doa. Anaimba akifanya kazi na anaongea akiimba. Alifungua boneti, akatazama, akasema "Aaa," kwa namna ambayo mimi nikiwatazama wajawazito nilijikataza kusema mbele yao.

Akaishusha tena, mvua isiingie. Stesheni akaenda kutafuta laini ya simu ya huku. Mimi nikabaki ndani naosha vikombe. Fundi akaingiza kichwa mlangoni.

"Mama, nifungue?"

Nilidhani anataka kufungua kile kifuniko cha maji, au boneti, au sijui nini. Mikono yangu ilikuwa na povu.

"Fungua tu, baba," nikamwambia. "Unaniuliza mimi?"

Akashukuru. Ilinishangaza kidogo kwamba ameshukuru. Nikajilaza kunyoosha mgongo, mvua inapiga bati, nikapitiwa na usingizi. Niliamshwa na ukimya wa Stesheni. Alikuwa amesimama nje kwenye mvua, mwavuli ameushika mkononi haujakunjuliwa, anatazama turubai chini. Juu ya turubai kulikuwa na injini yetu yote, kipande kimoja kimoja, imepangwa kwa mafungu kama nyanya za sokoni.

"Nani amekwambia ufungue?" Stesheni akauliza kwa sauti ndogo.

"Mama."

"Mimi nilidhani boneti!"

"Boneti siombagi ruhusa, mama," fundi akasema, na alikuwa na upole unaoudhi. "Boneti mtu unafungua tu. Nikiuliza nifungue, ni injini hiyo."

Basi ndiyo nimejifunza leo. Kwa mafundi kufungua ni kutawanya, na kufunga ni kurudishia. Maisha yangu yote ya kazi nimewaambia wanawake watajifungua salama, na neno lenyewe nimekuja kulijulia kwenye tope la gereji. Stesheni hajasema kitu kingine. Anajua kwamba hana haja ya kusema.

11 Machi

Mvua. Nimemwuliza fundi kama amemaliza. "Bado."

14 Machi

Ili afike chini ya injini, fundi ameinua pua ya gari juu kwa jeki na magogo. Sasa nyumba yetu imeinama. Tunalala vichwa juu, na kufikia alfajiri tumeteremka wote wawili tumerundikana miguuni pa kitanda. Kikombe ukikiweka mezani kinakufuata. Maharagwe yanaiva upande mmoja wa sufuria, wa pili yako juu, makavu.

Nilisema, "Stesheni, mimi nipande basi nitangulie."

"Utaniacha peke yangu na huyu mtu?"

"Siku mbili tatu tu."

"Wewe ndiye uliyesema fungua," akasema, na akageukia ukutani.

Nikaacha habari ya basi. Ni kweli nilisema.

16 Machi

Bado.

19 Machi

Bado. Kati yangu na nafsi yangu, fundi sasa anaitwa Fundi Bado.

23 Machi

Spea aliyoiagiza fundi imefika. Si yenyewe. Ni ya gari la aina nyingine kabisa. Fundi ameigeuzageuza, ameipuliza, amesema, "Hii ni ndugu yake, lakini si yeye." Halafu akaimba. Nimetamani kumpiga na mwiko.

Nilikwenda bombani kufua mpaka vidole vikakunjamana. Hapa ndipo hasira zangu huenda. Shuka zetu hazijawahi kuwa safi hivi.

28 Machi

Binti yangu amepiga. Sauti ilikuwa ya uchovu. Nilimwuliza miguu, akasema imevimba kidogo. Nilimwuliza kidogo ni kiasi gani, akasema viatu vya mumewe ndivyo vinamwenea. Kichwa? Kinauma jioni. Nikamwambia kesho asubuhi aende kliniki wampime presha, na asiambiwe na mtu kwamba ni uchovu. Nilisema kama ninavyomwambia mgonjwa yeyote. Kila mkunga ana jambo moja ambalo likiguswa hulala macho, na langu ni presha.

"Mmefika wapi, mama?"

"Tuko njiani." Uongo gani huu. Hatuko njia yoyote, tuko kwenye magogo.

Stesheni wakati huo alikuwa akifuta kikombe kilekile kikavu. Nilipokata simu akauliza, "Anasemaje?"

"Simu hii hapa, muulize."

"Mwambie anywe maji."

"Mwambie mwenyewe!"

Akakitundika kikombe, akatoka kwenda kusimama karibu na fundi, mikono nyuma, alivyokuwa akisimama kwenye jukwaa akingoja treni.

2 Aprili

Limewaka! Asubuhi hii, ufunguo ulipozungushwa mara ya pili tu. Spea ilifika juzi, safari hii yenyewe, na Fundi Bado amefunga kila kitu. Moshi mmoja mweusi, kikohozi kimoja, halafu injini ikatulia ikawa inaunguruma kwa raha. Nilipiga vigelegele peke yangu uani, mbwa akasimama kwa mara ya kwanza tangu tufike. Hata fundi nilimpenda. Nilimpa chai na nusu ya mkate.

Nikaanza kufunga vikombe kwenye magazeti. Stesheni akainamisha sikio.

"Kuna kelele."

"Kelele gani?"

"Kama kitu kinagonga. Tik, tik."

Nilisikiliza. Nilisikia mvua.

"Stesheni, ni matone."

"Sisafiri na mke wangu katika gari linalogonga," akasema, na nikavirudisha vikombe kabatini, kwa sababu limesemwa kwa mapenzi.

3 Aprili

Fundi amefungua tena. Nilikuwa bombani. Niliporudi turubai limeshatandikwa.

5 Aprili

Bado.

8 Aprili

Mvua ya upepo. Mapazia yangu yamelowa. Fundi amekuja kukinga mvua ndani kwetu, ameketi upande wa chini, magoti kidevuni, kofia ikiwa safi vilevile. Aliniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani. Nikamwambia. Akasema mama yake alimzaa ndani ya lori, njiani, dereva akishika taa. "Ndiyo maana nikawa fundi," akasema. "Nililitazama gari kabla ya kumtazama baba." Nilicheka bila kutaka. Halafu nikakumbuka turubai, nikaacha kucheka.

11 Aprili

Amefunga. Gari linawaka. Stesheni amesema madhali tuko gereji, si vibaya kutazama na breki.

12 Aprili

Breki.

13 Aprili

Breki zimekwisha. Sasa wipa. Nimeuliza wipa zina nini. Stesheni amesema zinasitasita.

"Hazisitisiti," nikamwambia. "Wewe ndiye unayesitasita."

Nilisema kwa hasira tu, kama mtu anavyotupa kitu bila kulenga. Lakini alinitazama ghafla, kisha akainama kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

15 Aprili

Kliniki wamesema presha iko juu kidogo, wamempa vidonge. Nilimtaka binti yangu anisomee namba. Akasoma. Nikasema, "Sawa, mwanangu, si mbaya." Nikaenda bombani. Sikuwa na nguo za kufua. Nilifua taulo safi.

Stesheni aliniuliza anasemaje, nikamwambia presha. Akasema ataongea na fundi amalizie haraka. Nilimwona akienda. Nilimwona akiongea, anaonyesha radieta kwa kidole. Nikafikiri, angalau leo anamkemea.

17 Aprili

Mkwe wangu amepiga alfajiri. Kijana yule hajawahi kunipigia yeye mwenyewe, kwa hiyo nilipoona jina lake nikapokea kabla haijaita mara ya pili. Usiku binti yangu aliona nyota machoni. Wamemlaza hospitali, wamemdunga sindano, presha imeshuka. Wanamrudisha nyumbani kesho kwa sharti moja: asiinuke kitandani ila kwenda chooni, na likitokea lolote wamrudishe palepale. "Anakuulizia, mama," akasema. "Kila mara anauliza kama ni ninyi mnagonga."

Nimepanga nguo zangu kwenye mfuko mmoja. Nimeweka kipima presha changu juu, ndani ya kanga. Kesho napanda basi. Stesheni abaki na Malkia wake, wazeeke pamoja.

18 Aprili

Leo naandika yote, kwa sababu nisipoandika nitaipigia kelele sufuria.

Asubuhi nilikwenda kituo cha basi, nikapata nafasi katika gari la mchana. Nikarudi gereji kuchukua mfuko, na kabla ya hapo nimtolee Fundi Bado yale niliyomwekea tangu mwezi wa tatu. Nilimkuta chini ya mvua nyepesi, radieta yetu iko miguuni pake, nje ya gari.

"Fundi, nimekuja kukuaga," nikasema. "Na nimekuja kukwambia kwamba kazi yako ni ya ovyo. Una mikono miwili mizima na wiki zote hizi umeshindwa kulitoa gari moja hapa. Binti yangu amelala huko presha inapanda, na wewe unaimba."

Akavua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia. Ana upara mdogo wa duara, kama sarafu.

"Mama, nitukane kwa kingine," akasema. "Kwa hili usinitukane. Hii gari nilishaifunga. Nilishaifunga ile siku umenipa mkate. Nikaifunga tena. Ni mzee ndiye anakuja wewe ukienda bombani. 'Fundi, kuna kelele, fungua.' Mimi nasikiliza, sisikii. Namwambia mzee, sisikii. Ananiambia masikio yangu yamezoea. Haya, mteja akishasema fungua, mimi ni nani?"

"Na breki?"

"Breki zenu nzima kuliko za kwangu."

"Na hiyo radieta?"

"Majuzi amesema itolewe ioshwe. Nikamwambia, mzee, ni mpya, nimeiweka mimi. Akasema ioshwe tu."

Niliigusa radieta kwa ncha ya kiatu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama, wewe ukinitazama unanitazama kama nimekuibia kuku. Ningeanzia wapi?"

Alisema kweli, na kweli yake iliniudhi. Wiki zote hizi nimemchukia mtu kwa bidii, nikampa na jina, kumbe nilikosea anwani. Na wiki zote hizi nimemeza "fungua" yangu ile moja kama mwiba, nikinyamazishwa nayo, huku mwenzangu anazisema zake kila nikigeuka.

Nilipanda ndani. Stesheni alikuwa anatia grisi bawaba za kabati.

"Kelele iko wapi?" nikamwuliza.

"Kelele ipi?"

"Tik, tik. Nionyeshe."

"Iko kule kwenye..." Alinyoosha kidole kuelekea mbele, halafu mkono ukashuka wenyewe. Akaketi kitandani. Kitanda kikamteremsha kidogo, kama kinavyotuteremsha sote, na yeye hata hakujishika.

"Umeongea na fundi," akasema.

"Nimeongea na fundi. Mwanao yuko kitandani, ameona nyota. Unajua maana ya mjamzito kuona nyota? Nimekueleza miaka yote nikitoka kazini. Unajua. Na wewe unaosha radieta mpya!"

Nilipandisha sauti mpaka mbwa akabweka. Nilisema mengi ambayo sitayaandika. Yeye alikuwa akifuta grisi kidole kimoja kimoja, na alipomaliza mkono mmoja akaanza kuufuta upya.

"Nilimwambia asinipigie hodi," akasema.

"Najua. Nilikuwepo."

"Nilimwambia akivuka mlango ule asije akanipigia hodi tena maisha yake. Nilidhani atalia arudi. Hakurudi. Na hakupiga hodi, hata siku moja, unamjua alivyo. Amenifuata mimi." Akageuza kitambaa upande safi. "Sasa nikifika pale kwake, mlangoni, mimi nafanya nini? Napiga hodi?"

"Ndiyo. Watu hupiga."

"Asiponijibu?"

Hapo ndipo nilipolielewa gari. Nilitazama kitanda, sinki, jiko, makabati, mapazia yangu mwenyewe ya maua, nikaona kwamba hakutengeneza vile ili asiwabane watoto. Mtu huyu alitengeneza nyumba nzima na kuitia magurudumu ili afike mlangoni pa binti yake, alale nje, ale nje, anawe uso nje, na asilazimike kubisha. Alipofika karibu, hata hilo likamshinda. Nilimhurumia. Nikakasirika kwamba namhurumia, maana sikuwa nimemaliza kukasirika.

"Asipokujibu utapiga tena," nikasema. "Na mimi basi limeshaniacha. Nipe funguo."

"Funguo za nini?"

"Za Malkia. Naendesha mimi."

"Barabara ina matope."

"Gari la kliniki niliendesha mimi, kwenye mito isiyo na madaraja, na mwanamke nyuma akisukuma. Nipe funguo."

Alinipa. Zilikuwa na grisi.

Nikachungulia dirishani. Fundi alikuwa palepale kwenye mvua, kofia mkononi, anajifanya hakusikia.

"Fundi! Funga."

"Yote, mama?"

"Yote. Na mtu yeyote akikwambia fungua, hata akiwa mimi, kataa."

Alirudishia radieta, akatoa magogo, akashusha jeki. Nyumba ikakaa sawa, na vikombe vikashangaa. Aligonga bati mara mbili kuaga. "Mama, ukisikia kelele njiani utasimama?"

"Nikisikia kelele nitaimba," nikamwambia, na yeye akacheka mpaka akashika kiuno.

19 Aprili

Nimeendesha kutwa. Gari halijakohoa hata mara moja. Stesheni ameketi pembeni na mfuko wangu mapajani, ananitajia mashimo ambayo nimeshayaona.

20 Aprili

Tumefika, na ninaandika nikiwa nimekaa ngazini, kwa sababu ndani hamna kiti kingine. Jambo hilo pia nitalieleza.

Kinyozi ana duka chini, na wao wanaishi juu yake, ngazi ya nje. Alituona kupitia kioo, mteja wake amenyolewa nusu kichwa, akatoka mbio na mashine ikiwa bado inanguruma mkononi. Akataka kumkumbatia baba mkwe, akaikumbuka mashine, akaishia kuinama. "Yuko juu," akasema. "Tangu asubuhi anauliza."

Niliegesha. Stesheni hakushuka.

"Tangulia," akasema. "Mimi nilichunge gari."

Nikashuka, nikazunguka upande wake, nikamfungulia mlango, nikangoja. Aliposhuka, nikafunga milango yote kwa ufunguo, nikautia ufunguo ndani ya blauzi, mahali ambapo mkuu wa stesheni haingii bila ruhusa.

"Limefungwa," nikamwambia. "Sasa huna nyumba. Panda."

Tulipanda. Ngazi zina kutu na zinalia, na nilimwona akizisikiliza. Juu kuna mlango wa mbao uliopakwa rangi ya bluu, umeegeshwa tu, haukukazwa. Binti yangu yuko upande wa pili, na mimi mikono inaniwasha kumshika, kumpima, kumtazama macho. Ningeweza kuita. Nilijiuma ulimi. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimewahi kutoa mapacha waliotanguliza miguu.

Stesheni alinyoosha shati. Akakohoa. Akanitazama, nikatazama rangi ya mlango.

"Hodi," akasema, kwa sauti ya mtu anayeuza kitu ambacho hata yeye hakihitaji.

Chini mashine ya kinyozi ikazimwa. Niliona shingo ya mume wangu, ile sehemu ya nyuma ambayo imezeeka bila kuniaga, inainama kuusikiliza mlango.

"Hodi," akasema tena, safari hii kwa sauti yake kamili, ile ya jukwaani.

"Nimesikia tangu ya kwanza, baba," sauti ya binti yangu ikatoka ndani, nzito, kama ya mtu anayelia akiwa amelala chali. "Nilitaka kuisikia tena."

Stesheni akafuta viatu kwenye ukingo wa ngazi.

"Wamenikataza kuinuka," akasema binti yangu. "Fungua tu."

Baba yake akashika kitasa kwa mikono miwili, kana kwamba mlango ni mzito. Akafungua.

Presha niliipima baadaye. Sasa hivi kiti cha pekee kilichomo ndani amekikalia yeye, kando ya kitanda, na nilipomwomba anipishe nikae hakusikia. Ndiyo maana niko ngazini.

22 Aprili

Mvua. Presha imetulia. Wanaongea. Hawanyamazi.

24 Aprili

Stesheni analala ndani, kwenye mkeka, kati ya meza na mlango. Mkwe anamruka kila asubuhi akienda dukani. Gari liko nje tupu. Nimemwambia, "Si ulisema hatutawabana?" Amesema gari lina unyevu.

29 Aprili

Stesheni anasema bawaba za mlango wa hapa zina kelele. Ameazima spana kwa jirani. Nimemwambia akithubutu kuufungua mlango ule nitamrudisha kule gereji nimwache juu ya magogo. Amesema basi atausikiliza tu. Maji ya moto hayatoshi, taulo zote zimelowa, kinyozi ameketi ngazini anacheka peke yake, na mimi naandika nikiwa sakafuni, kile kiti kiko mbali.

Amejifungua hapahapa, hospitali hatukuwahi. Mtoto wa kike. Wazima wote wawili.